Asili ya Ajuza Mpelelezi

Katika hikaya za upelelezi zilizoandikwa kwa Kiingereza karne ya kumi na tisa, mwenye kufumbua fumbo aghalabu alikuwa mwanamume mwenye cheo cha polisi, au mwenye kipaji cha ajabu na elimu ya kemia kama Sherlock Holmes aliyetokea mwaka 1887, naye huitwa pale akili za wengine zilipogota. Yastahili basi kuuliza ilikuwaje, kabla haijatimia nusu karne tangu Holmes, kazi hiyo ikakabidhiwa pia mwanamke mzee asiye na mume wala ajira wala silaha, anayekaa kando ya moto akifuma sufu, na wasomaji wakampokea kwa mapenzi ambayo hata leo hayajapoa. Sababu yake kubwa, kwa maoni yangu, si ubunifu wa waandishi peke yao, bali ni hali ya jamii iliyokuwa na wanawake wengi isiyowapa kazi, nao kwa kutotazamwa wakapata nafasi tele ya kutazama.

Aliyetangulia alikuwa Mmarekani, Anna Katharine Green, binti wa mwanasheria, mzaliwa wa Brooklyn, aliyekwisha kupata sifa kwa riwaya yake The Leavenworth Case ya mwaka 1878. Mwaka 1897 alitoa That Affair Next Door, ambamo Amelia Butterworth, bibi wa ukoo wa heshima mjini New York, asiyeolewa na asiyekubali hata chembe kuitwa mdaku, anasikia usiku wa manane gari la farasi likisimama mbele ya nyumba ya jirani ambayo wenyewe wamesafiri. Anachungulia dirishani, anaona mwanamume na mwanamke wakiingia, kisha mwanamume akitoka peke yake. Na kulipokucha mwanamke yule akakutwa maiti chini ya kabati lililomwangukia. Polisi walikuwa na mpelelezi wao hodari, Bwana Gryce, ila katika mambo ya kofia, glavu na desturi za wanawake wa nyumbani, ilimlazimu bwana huyo kusikiliza.

Kilichoyapa mambo haya uzito mpya ni Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918, vilivyoua wanaume wa Uingereza zaidi ya laki saba, hata hesabu ya watu ya mwaka 1921 ikadhihirisha kwamba katika England na Wales wanawake waliwazidi wanaume kwa zaidi ya milioni moja na nusu. Magazeti yakawataja wanawake hao kuwa ni wa ziada, kana kwamba taifa limewatengeneza kwa makosa. Dorothy L. Sayers aliigeuza dharau hiyo kuwa hoja: katika riwaya yake ya mwaka 1927, Unnatural Death, tajiri mpelelezi Lord Peter Wimsey anamwajiri Bi Climpson, mwanamke wa makamo asiyeolewa, akamtuma kupanga chumba mjini na kusikiliza mazungumzo ya watu, kwani askari akiuliza swali watu hufunga vinywa, ilhali mama mtu mzima akiuliza swali lilo hilo huhesabiwa kuwa anapiga soga tu. Kufikia Strong Poison ya mwaka 1930, Bi Climpson anasimamia ofisi nzima ya wanawake wa aina yake, ambayo kwa nje ni ya kupiga chapa, na kwa ndani ni ya kunasa walaghai.

Hata hivyo aliyekamilisha sura ya ajuza huyu ni Agatha Christie, mzaliwa wa Torquay mwaka 1890, ambaye wakati wa vita alifanya kazi katika chumba cha dawa cha hospitali na huko akajifunza tabia za sumu. Miss Marple wake alitokea Desemba 1927 katika gazeti la Royal Magazine, kisha katika riwaya ya mwaka 1930, The Murder at the Vicarage. Na Christie mwenyewe alieleza kwamba alimfananisha na vikongwe wa Ealing, marafiki wa bibi yake. Katika hadithi ile ya kwanza wamekaa kasisi, wakili, msanii, mwandishi na aliyekuwa mkuu wa Scotland Yard, wakijadili kifo cha mwanamke aliyelishwa aseniki, na mwenye nyumba, aliyevaa kofia ya lasi, nusura wamsahau. Katika karatasi ya kukaushia wino yalikuwa yamebaki maneno “hundreds and thousands”, yaani mamia na maelfu, ambayo kila msikilizaji aliyadhania kuwa ni hesabu ya fedha za urithi. Bibi, aliyeijua meko, akatambua kuwa ni jina la vile vipunje vya sukari vya rangi vinavyonyunyiziwa vyakula vitamu, na ndimo sumu ilimotiwa. Maarifa hayo hayafundishwi katika chuo chochote cha polisi.

Kwetu sisi njia ilikuwa nyingine. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, ambaye Mzimu wa Watu wa Kale yake ilichapishwa mwaka 1960, alimwumba Bwana Msa kwa kufuata ukoo wa Holmes, mwenye kiko chake na sahibu yake Najum. Wala si ajabu, kwani ajuza wa hadithi za pwani, ajuaye siri za kila nyumba, aghalabu alitumiwa kupeleka barua za mapenzi na kutega mitego, na ni nadra kukabidhiwa haki aisimamie.

Tangu hapo ukoo umeendelea, hadi Jessica Fletcher wa televisheni ya Marekani kuanzia mwaka 1984, na wazee wanne wa The Thursday Murder Club ya Richard Osman ya mwaka 2020. Lakini tazama tofauti: Jessica ni mwandishi mashuhuri, na miongoni mwa wazee wa Osman wamo aliyekuwa jasusi, aliyekuwa muuguzi na aliyekuwa tabibu wa maradhi ya akili, yaani sharti kwanza wawe na ujuzi wa kazi ndipo tuwaamini. Marple hakuwa na ithibati hiyo hata moja. Alikuwa na kijiji chake, St Mary Mead, na kumbukumbu ya yaliyowapata watu wake, akapima kila muuaji kwa kumlinganisha na mtu aliyemjua. Kwa sababu hiyo namwona yeye, pamoja na sufu yake, kuwa ndiye jasiri zaidi miongoni mwao: alidai kwamba kuishi miaka mingi kwa macho yaliyo wazi ni elimu inayojitosheleza, na hakuomba cheti.