Batli ya rubani wa helikopta: namna ya kuchagua kitabu cha kuandikia saa za angani

Huku kwetu Majoreni ukitaja logibuku, kila mtu hufikiria gari. Ni ile hati ya umiliki ambayo mwenye matatu huiacha kwa mkopeshaji mambo yakimwendea kombo. Rubani naye ana chake, lakini hicho hakuna mkopeshaji atakayekipokea, kwa kuwa kwa mtu mwingine hakina thamani hata ya shilingi. Kwa mwenyewe ndicho mali yake yote. Mabaharia wana neno la daftari la safari za chombo: batli. Nitalitumia neno hilo hapa, maana kazi ni ile ile, chombo ndicho kimebadilika.

Mimi ni mzaliwa wa huku na narusha helikopta. Tangu mwaka huu uanze, wazazi watatu wa kati ya Shimoni na Lunga Lunga wameniuliza swali moja: mtoto anaanza masomo ya urubani wa helikopta, anunue batli gani? Mmoja wao ameuza sehemu ya shamba la minazi kulipa karo. Mzazi wa namna hiyo anastahili jibu kamili, na huenda wengine wenye swali hilo hilo hawajapata wa kumuuliza.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba mwanafunzi wa helikopta hununua saa. Analipia mafuta, helikopta na mwalimu kwa kila saa, na saa moja ya helikopta ni ghali kuliko saa moja ya ndege ndogo ya mabawa. Saa ikiisha, mafuta yamekwisha na mwalimu amekwenda zake. Kinachobaki mkononi ni mstari mmoja katika batli. Mstari ukipotea, au ukiandikwa vibaya hadi ukakataliwa, shamba la minazi limekwenda na maji.

Batli inathibitisha nini

Kenya ni mwanachama wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, na leseni zetu hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA. Viwango vya chini vya ICAO kwa helikopta ni hivi:

- Leseni ya rubani binafsi: saa 40, au 35 kama mafunzo yote ni ya chuo kilichoidhinishwa. Kati ya hizo, saa zisizopungua 10 ni za kuruka peke yako chini ya uangalizi wa mwalimu, zikiwemo 5 za safari za mbali. Safari moja isipungue kilomita 180, na utue sehemu mbili tofauti.
- Leseni ya rubani wa biashara: saa 150, au 100 kwa chuo kilichoidhinishwa. Kati ya hizo, saa 35 uwe rubani kiongozi.
- Leseni ya juu kabisa ya uchukuzi: saa 1,000.

Nchi inaweza kuweka masharti makali zaidi, kwa hivyo chukua orodha ya KCAA mapema na uibandike ndani ya jalada la batli yako. Lakini tazama jinsi hesabu ilivyopangwa. Hakuna anayeuliza jumla peke yake. Wanauliza ngapi peke yako, ngapi za safari za mbali, ngapi za usiku, ngapi kama kiongozi. Batli isiyoweza kutenganisha hayo itakulazimu kurudi nyuma miaka miwili ukikumbuka ulikuwa na nani siku gani.

Helikopta haihesabiwi kama ndege

Ndege ya mabawa huanza kuhesabiwa inapoanza kusogea kwa nia ya kuruka, hadi inaposimama mwisho wa safari. Helikopta huhesabiwa tangu mapanga yake ya juu yanapoanza kuzunguka hadi yanaposimama kabisa baada ya kutua. Kwa hiyo ukimsubiri abiria kwenye nyasi pale Ukunda mapanga yakizunguka, dakika hizo zinahesabika, mradi wewe ndiye umekaa kwenye usukani.

Hapa ndipo batli nyingi za dukani zinapomwangusha mwanafunzi wetu. Zimetengenezwa kwa ajili ya marubani wa mabawa. Zina safu za ndege za injini moja na injini mbili, ndege za kutua majini, hata ndege zisizo na injini, kisha helikopta imepewa safu moja nyembamba pembeni. Ukiinunua, nusu ya kila ukurasa itabaki tupu maisha yako yote, na yale unayoyafanya kila siku hayatakuwa na pa kuandikwa.

Safu za kutafuta

Ukiwa dukani, au ukiagiza kwa mtandao, fungua picha ya ukurasa wa ndani kabla ya kulipa. Tafuta haya:

1. Tarehe, aina ya helikopta na usajili wake. Helikopta za Kenya huanza na 5Y, za Tanzania 5H, za Uganda 5X. Andika aina kamili; R22 na R44 zatoka kiwanda kimoja, ila hakuna mwajiri atakayezihesabu kama kitu kimoja.

2. Mahali ulipoondoka na ulipotua, pamoja na muda wa kuanza na kumaliza. Batli nyingine zina jumla ya saa tu. Ziache. Muda wa kuanza na kumaliza ndio unaowezesha mtu kulinganisha batli yako na daftari la helikopta yenyewe.

3. Safu nne za wajibu: na mwalimu, rubani kiongozi, rubani msaidizi, na wewe mwenyewe ukiwa mwalimu.

4. Usiku, kuruka kwa vyombo, na saa za kifaa cha kuigiza urukaji. Hizi za mwisho zisichanganywe kamwe na saa za angani.

5. Idadi ya kuruka na kutua, mchana na usiku mbalimbali. Viwango vya kimataifa vinamtaka rubani kiongozi wa helikopta za biashara awe ameruka na kutua angalau mara 3 katika siku 90 zilizopita. Safu hii ndiyo ushahidi wako.

6. Safu tatu au nne tupu, zisizo na kichwa. Kwa rubani wa helikopta hizi ni dhahabu. Ya kwanza iandike injini ya turbini, maana utaanzia injini za pistoni na mwajiri atakuuliza una saa ngapi za turbini. Ya pili, mizigo ya kuning'inia. Ya tatu, milimani au juu ya bahari. Kampuni za bima huuliza mambo haya, na mara nyingi wao ndio wanaoamua nani apewe helikopta.

7. Nafasi pana ya maelezo na sahihi. Mwalimu ataandika hapo mazoezi ya kutua bila nguvu ya injini, ukaguzi wa leseni na ruhusa ya kuruka peke yako. Sentimita mbili hazitoshi.

Mpangilio wa Marekani au wa Ulaya

Batli zinazopatikana kwa urahisi ni za Jeppesen na ASA, zote za Marekani, na Pooleys ya Uingereza. Zote zimetengenezwa vizuri. Tofauti iko kwenye sheria zilizo nyuma ya safu.

Kwa kanuni za Marekani, mwenye leseni ya aina hiyo ya chombo anaweza kujiandikia saa za rubani kiongozi akiwa yeye peke yake ndiye aliyeshika usukani, hata kama mwalimu yuko kando yake akimfundisha. Kwa utaratibu wa Ulaya, unaoshika zaidi njia ya ICAO, saa ya kufundishwa ni saa ya kufundishwa. Kijana anayesomea Marekani kisha akarudi kuomba leseni ya Kenya anaweza kujikuta na saa za uongozi zinazopungua pale zinapochujwa upya. Ushauri wangu: ukisomea huko, andika kama wanavyotaka, lakini kwenye maelezo weka kila mara kama mwalimu alikuwemo. Ukisomea hapa au Afrika Kusini, nunua ya mpangilio wa Ulaya.

Karatasi au simu

Vijana huniuliza kwa nini wasitumie programu tu. Zipo nzuri: ForeFlight, LogTen kwa wenye vifaa vya Apple, na CrewLounge ambayo zamani iliitwa mccPILOTLOG. Zinajumlisha zenyewe, hazikosei hesabu, na zinakupa kwa dakika moja jibu la "nina saa ngapi za usiku kwenye R44?"

Nazitumia, ila kwa mwanafunzi naanza na karatasi. Sahihi ya mwalimu kwa wino, pembeni ya zoezi lililofanyika siku hiyo, haina ubishi. Programu nyingi pia hulipiwa kila mwaka, na mwaka utakaokosa pesa usiwe mwaka wa kufungiwa rekodi zako. Weka vyote viwili: karatasi iwe asili, simu iwe nakala. Ukitaka kutumia programu peke yake, waulize KCAA kwanza wanaikubali kwa namna gani, na uchapishe kurasa na kuzitia sahihi.

Saa tatu kwa safari moja

Hili ni letu sisi tuliolelewa na Kiswahili. Batli huandikwa kwa saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Sisi tuna saa yetu ya nyumbani pia. Chukua safari ya Ukunda hadi Malindi. Mapanga yanaanza kuzunguka saa mbili na dakika kumi asubuhi. Simu inasema 08:10. Batli inataka 05:10. Mapanga yanasimama saa tatu na dakika nne, yaani 09:04, na batli ni 06:04. Jumla dakika 54. Kwa vile batli nyingi hutumia desimali, na dakika 6 ni 0.1, utaandika 0.9. Mstari mzima: HKUK, HKML, 0510, 0604, 0.9.

Usiku ndio mtego wenyewe. Helikopta ya kubeba mgonjwa ikiondoka saa saba na nusu usiku wa kuamkia Ijumaa, saa ya dunia ni 22:30, na bado ni Alhamisi. Tarehe yako na ya daftari la helikopta zikitofautiana, mkaguzi atauliza. Andika juu ya ukurasa wa kwanza: saa zote ni za dunia. Kisha usibadilishe tena.

Kuitunza huku Pwani

Kitabu kiwe cha jalada gumu na kurasa zilizoshonwa, si za gundi wala za waya. Gundi huachia kwa joto na waya hupata kutu kwa chumvi. Batli ya kurasa za kuchomoa usiiguse kabisa, kwani ukurasa uliotoka hauwezi kuthibitishwa.

Nyumbani iweke ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika, juu, mbali na mchwa na mahali makuti yanapovuja. Usiiache ndani ya helikopta. Mwisho wa kila ukurasa jumlisha, tia sahihi, piga picha, na uitume kwa barua pepe yako mwenyewe. Namjua rubani aliyelowesha batli yake msimu wa masika mpaka wino ukawa wingu. Picha zake, pamoja na madaftari ya helikopta alizorusha, ndizo zilizomrudishia saa zake. Asiyekuwa na picha angebaki kuomba.

Kalamu

Tumia wino mweusi usiofutika. Ukikosea, piga mstari mmoja, andika sahihi pembeni, weka herufi za jina lako. Rangi nyeupe ya kufutia haina nafasi hapa. Inamfanya mkaguzi ajiulize kilichofichwa chini yake.

Na liko lile ambalo marubani hulijua na hawalisemi mbele ya wazazi: saa za kalamu. Ni saa zilizoandikwa lakini hazikurukwa. Helikopta ina daftari lake, uwanja una rekodi zake, na uongo wa aina hii hufumuliwa kwa kulinganisha vitabu viwili tu. Lakini hata usipofumuliwa, siku injini itakapokata juu ya mkondo wa Funzi ukiwa na abiria wanne, mikono yako itajua tu zile saa ulizoruka kweli. Ndiyo maana nataka batli yenye muda wa kuanza na kumaliza, usajili na sahihi. Inamlinda mwanafunzi na vishawishi, na inamlinda abiria asiyemjua.

Kwa hiyo, wazazi wangu, jibu langu ni hili. Nunueni batli ya mpangilio wa Ulaya yenye safu za helikopta, au ile ya kawaida yenye safu tupu za kutosha. Jalada gumu, kurasa zilizoshonwa. Inunuliwe kabla ya somo la kwanza la angani, si baada ya la kumi. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na saa moja ya helikopta. Kisha kila mwisho wa mwezi mwambieni mtoto awaonyeshe ukurasa. Hamhitaji kujua urubani kuusoma. Hesabuni mistari, linganisheni na risiti mlizolipa, na muulize pale msipoelewa.