Gari la kambi

Gari la kambi ni gari lenye kitanda, jiko na tangi la maji, ambalo mara nyingi huundwa kutokana na vani ya mizigo, yaani gari ambalo bodi yake ya bati imefungwa pande zote bila madirisha ya nyuma. Nchini Ujerumani, kampuni ya Westfalia ilianza mwaka 1951 kuuza samani za kufungwa ndani ya Volkswagen Transporter. Siku hizi mafundi wengi wa Ulaya huchagua Fiat Ducato, kwa kuwa upana wake wa ndani, takriban sentimita 187, humwezesha mtu wa kimo cha wastani kulala kwa kukingama, na urefu wa gari ukabaki kwa jiko na viti. Mnunuzi wa vani iliyotumika hana budi kuchunguza kutu kwanza, hasa kwenye vizingiti vya milango na matao ya magurudumu, maana injini hutengenezeka kwa urahisi kuliko bodi iliyooza. Kosa la hatari kuliko yote ni kuziba matundu ya hewa ili kuhifadhi joto: jiko linalowaka bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kumuua aliyelala. Kabati la mtungi wa gesi nalo hutobolewa sakafuni, kwani gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hushuka chini.