Lugha ya Watotonaki na Kipimo cha Wageni

Mwaka 1519 Hernán Cortés alipofika pwani ya Meksiko, walimjia wajumbe watano wa Watotonaki. Wakasema, wala wakalimani wake hawakufahamu neno. Kwa bahati wawili wao walijua Kinahuatl. Basi Malintzin akayasikia kwa Kinahuatl akayageuza Kimaya, na Jerónimo de Aguilar akayatoa katika Kimaya akayatia katika Kihispania. Kwa njia ndefu hiyo Wahispania walijua ya kuwa mfalme Moctezuma anao adui. Na urafiki wao na Watotonaki ulisaidia kuiangusha dola yake mwaka 1521.

Baadaye mapadre walijifunza lugha hiyo. Andrés de Olmos aliandika sarufi yake katika karne ya 16, nayo imepotea. Mwaka 1752 José Zambrano Bonilla alipigisha chapa nyingine mjini Puebla. Lakini kipimo cha wanavyuoni wa siku zile kilikuwa Kilatini, ambamo mwisho wa jina huonyesha mtenda na mtendwa. Jina la Kitotonaki halina alama hiyo. Mzigo huchukuliwa na kitendo.

Sisi wasemaji wa Kiswahili hatuoni ajabu. Twasema “pika” na “pikia,” na mara mtu mwingine ameingia katika habari. Watotonaki nao hutia -ni nyuma ya shina kwa ajili ya mtendewa; hutia lii- mbele kwa ajili ya chombo, na taa- kwa ajili ya mwenzi. Kila silabi huongeza mtendwa, hata kitendo kimoja huwa na watendwa kadhaa.

Hata hivyo tunaachana mahali. Katika “amempa” sisi tunaisikia m- ya mtendewa. Kwao mtendwa mmoja wa nafsi ya tatu hana alama yo yote. Mtoto akipewa kitabu, si majina wala kitendo kinachotaja nani amepewa nini; msikiaji hutambua kwa maana.

Sarufi ya kwanza ya Kiswahili iliyopigwa chapa, ya mwaka 1850, nayo ni kazi ya mgeni, Johann Ludwig Krapf. Twawashukuru watu hao kwa bidii yao. Lakini lugha isiyolingana na Kilatini si lugha pungufu. Meksiko ilikiri jambo hili kwa sheria ya mwaka 2003, iliyozihesabu lugha za wenyeji kuwa lugha za taifa. Na katika hesabu ya watu ya mwaka 2020 wasemaji wa Kitotonaki walizidi 200,000. Yatupasa sisi nasi kuzichunguza lugha za mama zetu kwa kipimo chao zenyewe, tukiwauliza wazee wangali hai.