Ushahidi wa Uongo ndani ya Hadithi ya Kweli

Amri inayotukataza kumshuhudia jirani uongo, wengine wetu tuliifundishwa kuwa ni ya nane na wengine kuwa ni ya tisa, kutegemea katekisimu tuliisomea wapi. Namba haina neno. Lenye neno ni kwamba utotoni tuliielewa kwa wepesi mno: usiseme fulani kaiba maembe ilhali hakuyaiba. Hakuna aliyetuambia la kufanya pale ushahidi wa uongo unapokaa ndani ya hadithi ambayo kwa jumla yake ni ya kweli, tena hadithi inayowatetea wanyonge. Tunataka kulitazama jambo hilo kupitia filamu chache zilizotokana na kazi halisi za waandishi wa habari, na hasa moja inayotugusa sisi watu wa Kanisa kuliko tungependa.

Filamu hiyo ni Spotlight, iliyoongozwa na Tom McCarthy na kutoka mwaka 2015. Inaeleza jinsi kikosi kidogo cha waandishi wa gazeti la The Boston Globe, nchini Marekani, kilivyochunguza habari za mapadri walionyanyasa watoto katika Jimbo Kuu la Boston, na jinsi viongozi wa jimbo walivyokuwa wakiwahamisha mapadri hao kutoka parokia moja kwenda nyingine bila waumini kuambiwa kitu. Habari ya kwanza ilichapishwa tarehe 6 Januari 2002, siku ya Jumapili, sikukuu ya Epifania. Ilimhusu John Geoghan, aliyekuwa padri, ambaye watu zaidi ya 130 walikuwa wamejitokeza kusema kwamba aliwatendea uovu walipokuwa watoto. Mwaka 1984 Askofu Mkuu Bernard Law, ambaye mwaka uliofuata alifanywa kardinali, aliruhusu padri huyo apelekwe katika parokia ya Mtakatifu Julia, mjini Weston, ingawa malalamiko juu yake yalikuwa yamekwisha kufika jimboni.

Yaliyofuata yanajulikana. Kardinali Law alijiuzulu tarehe 13 Desemba 2002. Mwaka 2003 jimbo lilikubali kuwalipa watu 552 jumla ya dola milioni 85, na gazeti likapewa Tuzo ya Pulitzer kwa utumishi kwa umma. Mwaka 2004 ulitoka utafiti ulioonyesha kwamba mapadri 4,392 nchini Marekani walikuwa wameshtakiwa kwa makosa ya namna hiyo kati ya mwaka 1950 na 2002. Utafiti huo haukuagizwa na gazeti lolote. Uliagizwa na maaskofu wenyewe.

Tulipoitazama filamu hii na baadhi ya waumini wenzetu, sauti ya kwanza baada ya taa kuwashwa ilikuwa ya mzee wetu mmoja. "Hawa watu wa magazeti," alisema, "hawalipendi Kanisa. Hawakulipenda jana na hawatalipenda kesho." Mama mmoja aliyekaa nyuma yake akamjibu kwa upole: "Shikamoo mzee wangu. Tuseme hawalipendi. Walichokisema ni uongo?" Mzee aliitikia marahaba, kisha akanyamaza.

Jibu la mama yule lina uzito kuliko linavyosikika. Mtu asiyekupenda anaweza kusema ukweli juu yako, na pengine huusema upesi kuliko rafiki, kwa kuwa rafiki anakuonea haya. Upendeleo wa msemaji unatupa sababu ya kukagua maneno yake mara mbili, lakini hautupi ruhusa ya kuyatupa kabla ya kuyakagua. Boston walilijua hilo kwa machungu. Mwaka 1992, wakati habari za padri James Porter wa jimbo jirani la Fall River zilipokuwa zikienea, Kardinali Law alisimama hadharani akaomba nguvu za Mungu zishuke juu ya vyombo vya habari, na gazeti la Globe akalitaja kwa jina. Miaka 10 baadaye gazeti hilohilo lilichapisha barua za ofisi yake mwenyewe. Hatulisemi hili kwa kumcheka. Dua za namna hiyo tumewahi kuziomba nasi, kwa sauti ya chini zaidi.

Na waandishi wale hawakuwa wapagani waliotoka mbali. Wote wanne waliofanya uchunguzi walikuwa wamelelewa katika familia za Kikatoliki, na kiongozi wao, Walter Robinson, alisoma katika shule ya Wajesuiti mjini humohumo. Mgeni alikuwa mmoja tu, mhariri mkuu Marty Baron, Myahudi, aliyewasili kutoka Miami katikati ya mwaka 2001. Ni yeye aliyeuliza kwa nini nyaraka za kesi ya Geoghan zimefungwa mahakamani, na kwa nini gazeti halijaomba zifunguliwe. Gazeti likaomba, na mwezi Novemba mwaka huo Jaji Constance Sweeney akaamuru zifunguliwe. Mgeni njoo, mwenyeji apone: wenyeji walikuwa wameipita kesi hiyo kila siku kama mtu anavyolipita shimo la barabarani alilolizoea.

Filamu ina upendeleo wake pia, ila si ule mzee wetu aliouhofia. Inawapendelea mashujaa wake. Mwezi Machi 2001, kabla Baron hajafika, Kristen Lombardi wa gazeti dogo la Boston Phoenix alikuwa amekwisha kuandika kwa kirefu juu ya Geoghan na Kardinali Law. Filamu inalitaja gazeti hilo kwa kupita tu. Nyuma zaidi, mwaka 1985, kesi ya padri Gilbert Gauthe wa Louisiana iliandikwa na Jason Berry, na National Catholic Reporter, gazeti la Wakatoliki wenyewe, likaichapisha nchi nzima ikasoma. Waumini wenzetu walilitoboa jipu hili miaka 17 kabla ya Globe, na hawakupata filamu. Mtu akiitazama Spotlight peke yake atadhani kwamba ndani ya Kanisa hakuna aliyepaza sauti. Huo nao ni uongo, wa kuacha kusema.

Hata hivyo filamu hii ilifanya jambo moja ambalo hatujaliona katika filamu nyingine yoyote ya aina yake. Wakati mwandishi wake, Josh Singer, akikusanya habari za kuandikia, wakili mmoja alimweleza kwamba miaka mingi nyuma alikuwa amelipelekea gazeti la Globe majina ya mapadri 20 hivi. Singer akachimbua kumbukumbu za gazeti akaikuta habari hiyo ya mwaka 1993, fupi, imewekwa kurasa za ndani, kisha ikaachwa bila kufuatiliwa. Mhariri wa habari za mji wakati huo alikuwa nani? Robinson yuleyule, shujaa wa filamu. Alipoonyeshwa, alisema hakumbuki, lakini hakujitetea, akakubali kwamba jambo lilitokea chini ya usimamizi wake.

Filamu ikaiweka aibu hiyo ndani. Katika moja ya sehemu za mwisho Robinson anaungama mbele ya wenzake, mwaka 2001, kwamba yeye ndiye aliyeizika habari ile. Kwa kalenda hilo si kweli, maana aliambiwa miaka 10 na zaidi baadaye, na watu wa sinema. Lakini walioonewa hapa ni akina nani? Robinson aliridhia, na kilichosogezwa ni tarehe ya kosa lake halisi. Tumebishana sana sisi kwa sisi juu ya kipande hiki. Wengine wetu wanasema uongo ni uongo hata ukiwa wa tarehe. Wengi wetu tunaona kwamba hapa filamu ilisema ukweli mkubwa kuliko ule ambao gazeti lilikuwa limejisemea.

Kubuni ndani ya filamu za namna hii si jambo geni. All the President's Men ya mwaka 1976, juu ya waandishi wawili wa Washington Post waliofuatilia kashfa ya Watergate iliyomwangusha Rais Nixon, inakumbukwa zaidi kwa shauri ambalo mtoa siri anampa mwandishi gizani, kwamba azifuate pesa zilikokwenda. Watu hulirudia hadi leo kama maneno ya kihistoria. Limetoka kwa mwandishi wa filamu, William Goldman. Na Barry Sussman, mhariri aliyeisimamia kazi ile siku hadi siku, katika filamu hayumo kabisa.

Mwaka uleule wa Spotlight ilitoka filamu nyingine, na hii ilijiita jina zito kupita yote: Truth, yaani Ukweli. Inahusu kipindi cha televisheni ya CBS kilichorushwa tarehe 8 Septemba 2004, miezi miwili kabla ya uchaguzi, kilichodai kwamba George W. Bush alipendelewa alipokuwa askari wa akiba wa anga huko Texas wakati wa vita vya Vietnam. Kipindi kilitegemea karatasi zilizosemekana kuandikwa miaka ya 1970 na kamanda wake, Jerry Killian, aliyekuwa amefariki mwaka 1984. Baada ya saa chache watazamaji walianza kuuliza kwa nini herufi zake zinafanana na za kompyuta ya kisasa. Nakala halisi hazikuwapo. Aliyezileta, Bill Burkett, alikiri kwamba alikuwa amedanganya kuhusu alikozipata. Wataalamu wa maandishi walikuwa wameonyesha wasiwasi hata kabla ya kipindi kurushwa. Tarehe 20 Septemba CBS iliomba radhi, na Januari 2005 jopo la uchunguzi lilisema kwamba misingi ya kazi ya habari haikufuatwa. Mtayarishaji, Mary Mapes, akafukuzwa.

Mapes aliandika kitabu cha kujitetea, na filamu ikatengenezwa kutokana na kitabu hicho. Kwa hiyo aliyeshtakiwa ndiye aliyekuwa shahidi mkuu. Cate Blanchett na Robert Redford wanaigiza vizuri mno, muziki unapanda pale unapotakiwa, na mtazamaji anatoka akidhani kwamba watu wema walionewa kwa sababu waliuliza maswali magumu. Swali lililo dogo na gumu kuliko yote, kama karatasi zile ni za kweli, linabaki kama jambo la wapekuzi wa herufi. Jopo lenyewe halikutamka kwamba ni za kughushi. Lilisema uhalisi wake haukuthibitishwa. Mwenye kushuhudia, hilo linamtosha kunyamaza. Sheria ya Musa ilidai mashahidi wawili au watatu kabla mtu hajahukumiwa, na haikuweka msamaha kwa mtuhumiwa tusiyempenda.

Turudi Boston. Nabii Nathani alipotumwa kwa Daudi alimsimulia habari ya tajiri aliyempokonya maskini mwanakondoo wake wa pekee. Tajiri yule hakuwapo, wala yule kondoo. Nathani alibuni, na ubunifu wake ulifanya kazi ambayo shtaka la moja kwa moja huenda lisingeifanya. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba watunga hadithi hawana nafasi katika kazi ya ukweli. Lakini tuangalie alichokiacha Nathani: hakumpa tajiri yule jina la mtu aliyekuwa hai Yerusalemu.

Spotlight ilifanya hivyo kwa Jack Dunn, msemaji wa Boston College. Kuna kipande ambapo Robinson na mwandishi mwenzake wanakutana na wakuu wa shule ya sekondari ya Wajesuiti, ambayo Dunn alikuwa mmoja wa wadhamini wake. Dunn wa kwenye filamu, akiitwa kwa jina lake halisi, anaonekana kuupunguza uzito wa mambo ili kuilinda shule. Dunn halisi aliitazama filamu, akasema kwamba maneno yale hakuyasema kamwe, na kwamba yeye alikuwa miongoni mwa waliotaka waathirika watafutwe na kusikilizwa. Alidai kipande kiondolewe.

Filamu iliendelea kuonyeshwa. Tarehe 28 Februari 2016 ilipata Oscar ya filamu bora, na hata L'Osservatore Romano, gazeti la Vatikano, liliandika kwamba si filamu ya kuupinga Ukatoliki, jambo ambalo mzee wetu alitutaka tulirudie mara mbili. Mwezi uliofuata kampuni iliyoisambaza, Open Road Films, ilitoa tamko: Dunn hakushiriki katika kuficha maovu, na maneno aliyowekewa kinywani yalikuwa ya kubuni. Ikaahidi na michango kwa mashirika ya hisani ya Boston kwa heshima yake.

Mama yule wa swali la kwanza aliuliza tamko hilo linaonyeshwa sehemu gani ya filamu. Tukamwambia halimo, lilitolewa kwa magazeti. "Na kile kipande?" Kile kipande kipo. Sisi wenyewe tulikuwa tumetoka kukitazama jioni ile, na mtu mmoja ukumbini alikuwa amemzomea Dunn.