Kiberiti kilichoozesha taya

Ukiwasha kiberiti leo, huwezi kudhani kwamba zamani kiliwaua waliokitengeneza. Karne ya 19, njiti zilichovywa kwenye mchanganyiko wenye fosforasi nyeupe. Wafanyakazi walivuta mvuke wake siku nzima, na chakula wakala palepale kazini. Meno yalianza kuuma, kisha mfupa wa taya ukaoza.

Sasa ngoja. Fosforasi nyekundu, isiyo na madhara hayo, ilijulikana tangu miaka ya 1840. Ndiyo iliyopakwa ubavuni mwa boksi lako la kiberiti. Ila nyeupe ilikuwa nafuu, na njiti zake ziliwaka popote ukizikwaruza.

Mwaka 1888, wanawake na wasichana wapatao 1,400 wa kiwanda cha Bryant & May, London, waligoma kupinga faini na kufukuzwa kwa mwenzao. Miongoni mwa walichopata ni chumba tofauti cha kulia. Fosforasi nyeupe yenyewe iliendelea kutumika hapo hadi 1901, na mkataba wa Bern wa kuipiga marufuku ukaja 1906.

Kwa hiyo ukiambiwa usile maabara au karakana, usione unasumbuliwa. Na kabla hujauliza glavu ziko wapi, uliza kwanza: kemikali hii haina mbadala?