Kwa nini muziki wa vipindi vya zamani vya michezo ni nadra Kampala

Anayesaka muziki uliofungua vipindi vya michezo vya Televisheni ya Uganda, UTV, huanzia Shirika la Utangazaji la Uganda, UBC, jijini Kampala. UTV ilianza matangazo mwaka 1963. Mwaka 2005 iliunganishwa na Redio Uganda kuunda UBC.

Kikwazo cha kwanza ni kanda: zilikuwa ghali, na vituo vingi duniani vilizifuta ili zitumike tena. Cha pili, muziki wa aina hiyo mara nyingi ulirekodiwa kwa matumizi ya vituo pekee, haukuuzwa madukani.

Hivyo kanda za video zilizorekodiwa majumbani huweza kuwa nakala pekee zilizosalia. Nazo huchakaa, kadiri zinavyocheleweshwa kunakiliwa kidijitali, ndivyo sauti hiyo inavyokaribia kupotea.