Mshika Kasia katika Fiqhi na Historia

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Katika darsa zetu hapa Arusha, tukifika kwenye masuala ya swala ya chomboni, wanafunzi huomba tuyaruke. Husema: sisi tuko chini ya Mlima Meru, bahari iko wapi? Tunawajibu kuwa ziwa Duluti liko Tengeru, na watu hupiga makafi humo. Isitoshe, Uislamu ulipanda huku kwa njia za misafara ya pwani, na pwani yenyewe uliifikia kwa vyombo vya bahari.

Vyombo hivyo vilikwenda kwa tanga, na upepo ni wa Allah. Katika Suratu Shura, aya ya 32 na 33, tunakumbushwa kuwa Yeye akitaka huutuliza upepo, majahazi yakasimama juu ya maji. Hapo baharia hushika kasia, na penye maji mafupi hushika pondo. Mwenye mtumbwi hutumia kafi, kwalo huvuta maji na kuelekeza chombo. Jahazi lina usukani, neno litokalo katika Kiarabu, sukkan.

Wanachuoni wetu wa Kishafii hawakumsahau mtu huyu. Swala ya faradhi chomboni huswaliwa kwa kusimama na kuelekea kibla. Anayechelea kizunguzungu au kuzama huswali kwa kukaa. Ama swala ya sunna, Imamu Mawardi (aliyefariki mwaka 450 Hijria) alimruhusu mwendesha chombo aswali kuelekea anakokwenda, na Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) akalinakili hilo katika Al-Majmuu. Ruhusa hiyo ni kwa haja yake ya kukiongoza chombo, abiria haimhusu.

Lakini aliyesahilishiwa ndiye pia anayeulizwa. Vyombo viwili vikigongana, mafakihi huwapima waendeshaji wake kama wapanda wanyama waliogongana: mzembe hudhamini, na aliyeshindwa na upepo bila ya uzembe, kwa kauli yenye nguvu, hana dhamana.

Basi ndugu zetu, msiyaruke masuala haya. Dereva anayepakia abiria hapa mjini kuelekea Moshi naye ameshika kitu tunachokiita usukani. Neno ni lile lile, na amana ni ile ile.

Wallahu aalam.